TUNAWAPIMA FIZIKIA AU TUNAWAPIMA KUKARIRI?

Haya jamani, nimerudi! Najua wapo waliokwisha kutangaza kwamba nimedisko, na mwenzangu mmoja wa chumbani akawa anawaambia watu nimeolewa huko huko porini. Yote mawili si kweli. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, wiki nane, shule moja ya kata mkoani Morogoro, mahali ambapo ukitaka mtandao inabidi upande kwenye kichuguu nyuma ya vyoo vya walimu na uinue simu juu kama mtu anayeomba mvua. Kwa hiyo mniwie radhi kwa ukimya.

Nimerudi na visa vingi, vya panya, vya chaki, vya kupika kwa kuni wakati wa mvua, lakini leo sitavisimulia. Leo nina jambo moja linalonikera tangu nishuke kwenye basi. Ni kuhusu namna tunavyowapima wanafunzi wa sekondari somo la fizikia. Nasema "tunavyowapima" kwa sababu na mimi nimo. Tena katika habari hii mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe.

TESTI YANGU YA KWANZA

Nilipewa Kidato cha Pili. Mwalimu wa somo ni mzee mmoja mwenye huruma na uchovu, anafundisha fizikia shule nzima peke yake, na hesabu juu yake. Aliponiona akamshukuru Mungu waziwazi. Akanikabidhi azimio la kazi na boksi la chaki, akasema, "Shika hapo mwanangu, mzee wako nipumue kidogo."

Mada ilikuwa kanuni za Newton za mwendo. Nilifundisha kama nilivyofundishwa: kanuni ya kwanza ubaoni, nakili. Kanuni ya pili ubaoni, nakili. Fomula, mfano wa kukokotoa, zoezi, kengele. Wiki ya tatu nikatunga testi. Kutunga ni neno kubwa kidogo, ukweli ni kwamba nilichukua mitihani ya nyuma nikachomoa maswali. Taja kanuni ya kwanza. Fafanua kani. Gari lenye tungamo la kilo elfu moja linachapuka kiasi fulani, tafuta kani. Mnayajua.

Matokeo yalinifurahisha. Kuna kijana alipata 92. Kila kanuni ameiandika kwa Kiingereza neno kwa neno, hata mkato niliouweka ubaoni kauweka palepale. Nikajisemea, kumbe ualimu ninauweza!

Sasa katika testi ile kulikuwa na swali moja la alama nne: kwa nini abiria hurushwa mbele basi linapofunga breki ghafla? Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaka neno inersha, pamoja na kanuni ya kwanza imeandikwa kamili. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa wiki tatu nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake, aliandika hivi, kwa Kiswahili:

"Gari limefunga breki, mimi sijafunga. Mimi bado naenda vilevile nilivyokuwa naenda. Hakuna aliyenisukuma."

Nikapiga mkasi mwekundu. Sifuri kwa nne. Sababu zangu zilikuwa mbili: ameandika Kiswahili kwenye somo la Kiingereza, na hajataja kanuni. Jumla alipata 27. Nikageuza karatasi nikaendelea na ya mwingine, wala sikuwaza mara ya pili.

NDOO YA MAJI

Siku chache baadaye natoka kisimani na wanafunzi (huko madamu na yeye anachota, msishangae). Yule kijana wa 92 akawa ananitania kwamba ndoo yangu ikidondoka itatangulia kufika chini kuliko ya mdogo wake, kwa sababu yangu imejaa na ya mdogo wake imefika nusu. Nikadhani ni utani. Nikamuuliza, una uhakika? Akanitazama kwa heshima zote akasema, "Madamu, si ndiyo nzito?"

Nikamwambia anitajie kanuni ya pili ya Newton. Akaitaja bila kukosea neno. Nikamuuliza, haya, kwa kanuni hiyo ndoo ipi itatangulia? Akacheka, "Hiyo ni ya darasani, madamu. Mimi nasema ndoo ya kweli."

Jamani, nilisimama pale na ndoo kichwani. Yaani huyu ndiye wa 92.

Usiku ule, kwa taa ya sola, nikaandika maswali sita. Hakuna fomula, hakuna namba, na yote kwa Kiswahili. Asubuhi nikawaambia hakuna alama, hakuna fimbo, hakuna jina kusomwa mbele, kila mtu aandike anachokiamini kweli na sababu yake, kwa lugha anayotaka. Maswali yenyewe ndiyo haya, na wewe unayesoma jibu moyoni kabla hujaendelea:

1. Chupa mbili za maji zinazofanana, moja imejaa na nyingine ina maji robo. Ukiziachia pamoja kutoka urefu wa mtu, ipi inatangulia kufika chini?
2. Umerusha jiwe juu wima. Limeshatoka mkononi na bado linapanda. Ni kani zipi zinalikamata wakati huo?
3. Daladala imefunga breki, abiria wakaenda mbele. Nani kawasukuma?
4. Lori limegongana na bajaji. Lipi limelipiga jenzake kwa kani kubwa zaidi?
5. Balbu mbili zinazofanana zimefungwa kwa kufuatana kwenye betri moja. Ipi inapata mkondo mkubwa wa umeme, ya kwanza au ya pili?
6. Sufuria na mwiko wa mbao vimelala jikoni usiku kucha. Asubuhi kipi kina jotoridi dogo zaidi?

Walikuwepo wanafunzi 41. Kwenye swali la lori, waliosema kani ni sawa walikuwa wawili tu. Kwenye sufuria karibu darasa zima walisema sufuria. Kwenye jiwe karibu wote waliandika kwamba "nguvu ya mkono" bado imo ndani ya jiwe, inapungua polepole mpaka inakwisha, ndipo jiwe linarudi. Kijana wangu wa 92 alipata mawili kati ya sita. Waliopata manne walikuwa wanafunzi wawili, nao ndio walioongoza: mvulana mmoja anayemsaidia mjomba wake kutengeneza baiskeli, na yule binti wa dawati la nyuma.

MAJIBU, KWA WALE WANAOTOA MACHO

Najua kuna waliobishana na mimi hapo juu. Haya basi.

Chupa zinafika pamoja, au zikipishana ni kwa kiasi ambacho jicho halioni. Iliyojaa inavutwa na dunia kwa kani kubwa zaidi, ni kweli, lakini pia ina tungamo kubwa zaidi la kusogeza, kwa hiyo mchapuko unakuwa uleule. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kule mwezini, ambako hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya, vikatua pamoja. Jiwe likishatoka mkononi, mkono umeshamaliza kazi yake. Ukiacha ukinzani mdogo wa hewa, kani iliyobaki ni moja tu, mvutano wa dunia, unaolivuta chini hata wakati lenyewe linapanda. Abiria hakusukumwa na mtu. Lori na bajaji zimepigana kwa kani iliyo sawa kabisa, hiyo ni kanuni ya tatu. Bajaji inaumia zaidi kwa sababu ni nyepesi, kani ileile inaubadilisha mwendo wake kwa ghafla zaidi, na pia bodi yake si ya kupambana na lori. Balbu zote mbili zinapitiwa na mkondo uleule. Sufuria na mwiko vina jotoridi moja. Sufuria inaonekana baridi kwa sababu chuma kinanyonya joto la kiganja chako haraka kuliko mbao.

Sasa angalieni wanafunzi wanapokosea. Hawakosei ovyo. Wanakosea kwa mpangilio, na makosa yao yana akili. Lile wazo la nguvu ya mkono kubaki ndani ya jiwe liliwahi kufundishwa na watu wazito. Philoponus wa Aleksandria katika karne ya 6 alikuwa na wazo la namna hiyo, na Jean Buridan wa Paris akaliendeleza katika karne ya 14. Kitabu cha Newton kimetoka mwaka 1687. Kwa hiyo mtoto wa Kidato cha Pili akifikiri hivyo usimwite mjinga, amefika mwenyewe, kwa macho yake, mahali ambapo wasomi walifika. Kazi yetu ni kumvusha hapo. Lakini utamvushaje mtu kama hujui amesimama wapi? Na utajuaje amesimama wapi kama swali lako pekee ni "taja kanuni"?

Halafu kuna lugha. Hapa ndipo nilipochoka zaidi. Sisi mtaani neno nguvu linabeba kila kitu: nguvu za mwili, nguvu ya injini, nguvu ya umeme, nguvu ya hoja. Fizikia inataka uchague, hii ni kani, hii ni nishati, hii ni kasi ya kufanya kazi. Uzito tunautaja kwa kilo, mpaka sokoni, wakati fizikia inasema kilo ni za tungamo. Na umeme je? Nyumbani tunasema umeme umeisha, nenda kanunue LUKU. Tunasema friji linakula umeme. Mtoto aliyekua akisikia hivyo, ukimuuliza kuhusu balbu mbili, kwa nini asiseme ya kwanza imekula mkondo, ya pili imeachiwa makombo? Kwenye LUKU uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, hiyo ni nishati. Tunacholipia ni nishati, mkondo wenyewe hauliwi na balbu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kukaa na mimi kunitenganishia hayo, na wewe sijui kama yupo. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, tukafika sekondari maneno yote yakageuka Kiingereza, na mawazo yetu ya mtaani yakabaki palepale chini, hayajaguswa. Juu tumepaka Kiingereza cha kukariri.

SI SISI TU

Msije mkadhani nasema watoto wa shule za kata hawana akili. Mwaka 1992 Wamarekani watatu, David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, walichapisha jaribio la maswali 29 ya kuchagua kuhusu kani na mwendo, lugha ya kawaida, bila kukokotoa. Wanafunzi wa vyuo waliofaulu vizuri mitihani yao ya fizikia walikuwa wanalianguka. Profesa mmoja wa Harvard, Eric Mazur, alisoma kazi za awali za kundi hilo akaona hayamhusu, wanafunzi wake ni wa Harvard bwana! Akawapima. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu namna gani, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Nilipokuja kukisoma kisa hicho baada ya kurudi chuo nikakumbuka "ndoo ya kweli" nikacheka peke yangu maktaba, watu wakanigeukia.

Mazur hakuishia kushangaa. Alibadilisha ufundishaji: swali moja la kufikiri, kila mtu ajibu peke yake, halafu abishane na jirani yake, halafu wajibu tena. Na mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62. Kozi za mwalimu kuongea na wanafunzi kunakili ziliziba wastani wa asilimia 23 hivi ya pengo la kile ambacho wanafunzi hawakukijua mwanzoni. Kozi za kubishana na kufanya ziliziba asilimia 48 hivi. Zaidi ya mara mbili.

Na sisi hapa chuo? Juzi nimewauliza washkaji pale kimbweta swali la lori na bajaji. Tulikuwa saba, wote tunasomea ualimu wa sayansi. Watano wakasema lori. Mmoja akasema sawa, halafu akaanza kujitetea kana kwamba kaiba. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli wangu: wakati natunga yale maswali, la sufuria nililiandikia jibu la sufuria. Nilikuja kulifuta usiku wa manane baada ya kufikiri. Miaka mitatu ya chuo, na UE za kutosha nimezipita kwa desa la usiku mmoja. Hakuna mtihani uliowahi kunikamata hapo.

MPEMBA MNAMKUMBUKA?

Halafu sisi Watanzania ndio tungekuwa wa mwisho kufanya mchezo huu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa anatengeneza ice cream na wenzake. Akaweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake usiochemshwa. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likafanya wimbo, akikosea chochote ni "ya Mpemba". Siku Denis Osborne alipokuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akauliza mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi akapima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa pamoja, na mpaka leo wanafizikia wanabishana lini jambo hilo hutokea na kwa nini.

Najiuliza, kama Mpemba angekuwa kwenye darasa langu, na swali lingesema taja kanuni ya Newton ya kupoa, angepata ngapi? Na mimi ningempa mkasi mwekundu na amani moyoni.

MTANIAMBIA...

Mtaniambia, rahisi kusema, lakini mtihani wa taifa unakuja na unataka fomula. Mwalimu wa somo aliniambia hivyohivyo siku ya zile chupa. Niliziachia mara sita mbele ya darasa, wanafunzi wakapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuangalia kama kuna ugomvi. Mzee akaniita pembeni: "Mwanangu, unafundisha vizuri, lakini hutamaliza muhtasari. Hawa watapimwa kwa Kiingereza, na mimi nitapimwa kwa matokeo yao." Hakuwa anasema uongo. Ana vipindi vingi kuliko siku ina masaa, maabara yake ni kabati moja lenye kufuli, na mkuu wa shule anamuuliza wastani, hamuulizi uelewa. Sitaki kumtupia lawama mtu aliye peke yake.

Mtaniambia pia kukariri kuna faida. Ni kweli. Mtu asiyejua kanuni hawezi kuitumia, na Kiingereza atakihitaji, kwa sababu mtihani na vitabu viko hivyo. Mimi sisemi tufute "taja" na "fafanua". Nasema tusidanganyike nazo. 92 ya kijana wangu ilinipa mimi raha, ikampa mzazi wake raha, na haikutuambia kwamba kuhusu ndoo anafikiri vilevile alivyofikiri kabla hajanunuliwa sare.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji maabara wala mfadhili. Kila tunapoanza mada, swali moja la mtaani ubaoni, dakika tano, bila alama, kwa lugha yoyote. Wanyooshe mikono, uhesabu. Wabishane wawili wawili. Wanyooshe tena. Kisha kama inawezekana fanya mbele yao, chupa mbili za maji hazikosekani popote Tanzania. Na kwenye kila testi, angalau swali moja ambalo kukariri hakutakusaidia, na mwongozo wa kusahihisha unaotoa alama kwa wazo. Kiingereza chake mfundishe siku inayofuata, ukianzia kwenye lile wazo alilolisema mwenyewe. Kumfundisha mtu jina la kitu anachokiona ni rahisi kuliko kumfundisha jina la kitu asichokiona.

YULE BINTI

Nimalizie kwa nilipoanzia, maana hapa ndipo panaponiuma.

Shule ile, kama shule nyingi, wakivuka Kidato cha Pili inachuja: nani aendelee na fizikia Kidato cha Tatu, nani aiache. Wanaanza kuandaa orodha mapema kwa kutumia alama za testi, chini ya 30 unashauriwa kuacha, usije ukashusha wastani wa shule. Mimi sikujua kwamba testi yangu ya wiki ya tatu imeingizwa humo. Nilikuja kujua wiki ya mwisho, naangalia karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi ya walimu. Jina lake limepigwa mstari. 27.

Nikachukua karatasi yake nikaisahihisha upya. Lile swali la breki nikampa nne kwa nne. 31. Nikampelekea mzee mbio. Akavaa miwani akasoma lile jibu la Kiswahili, akatabasamu, akalisoma tena kwa sauti. Halafu akaniambia, "Jibu zuri hili. Lakini mwanangu, mwongozo ulikuwa wako, na alama umeweka wewe. Orodha imeshafika kwa taaluma, na yeye mwenyewe ameshasaini kuacha." Akaahidi kuliongelea. Labda ameliongelea, labda mambo yamemzidi. Mimi nilikuwa naondoka kesho yake.

Nilimtafuta yule binti nikamkuta anafagia uwanja. Akapiga goti kidogo, shikamoo madamu. Nikamweleza yote, kwamba alijibu sawa, kwamba nilikosea mimi, nikamwomba radhi. Mwalimu kumwomba mwanafunzi radhi kule si kawaida, akawa anaangalia fagio tu. Mwisho akasema, "Sawa, madamu." Nikageuka kuondoka. Nimefika mbali kidogo nikasikia ananiita.

"Madamu, kwa hiyo lile la breki nilipata?"

Nikamwambia ulipata. Akacheka, akaendelea kufagia.

Ndiyo hivyo wandugu. Mwakani baadhi yetu tutapangiwa vituo na tutakuwa na kalamu nyekundu zetu wenyewe, hakuna supavaiza wa kutusimamia. Jumamosi jioni nitakuwa pale kimbweta cha karibu na maktaba na chupa mbili za maji. Wale watano wa lori nawasubiri, na anayetaka kubishana kuhusu sufuria aje nayo.

Nakwenda kula, boom likiisha tutaanza kula kwa macho. Tuonane.